Neno "Nyika" na Kazi ya Profesa Roderick Nash

Katika maneno ya Kiingereza yanayompa mfasiri wa Kiswahili taabu isiyokwisha, neno "wilderness" lina mahali pa mbele. Mfasiri akiandika "jangwa", amekausha mito na kung'oa miti. Akiandika "msitu", ameotesha miti palipo mchanga na majabali. Akiandika "pori", amelishusha cheo neno ambalo sheria ya Marekani imelivika heshima iliyo karibu na ile ya mahali patakatifu. Taabu hiyo haitokani na uchache wa maneno ya Kiswahili, maana maneno yapo mengi, kama itakavyoonekana. Inatokana na tabia ya neno lenyewe, na mtu aliyeichunguza tabia hiyo kwa urefu ni Roderick Frazier Nash, aliyekuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara.

Kitabu chake, Wilderness and the American Mind, kilitoka mwaka 1967. Hoja yake ya msingi ni nyepesi kuisema na nzito kuikubali. Neno hilo, asema Nash, lina umbo la nomino lakini hufanya kazi ya kivumishi. Halitaji kitu kinachoweza kupimwa kwa kamba na kutiwa mpaka; lataja hali inayoingia moyoni mwa mtu anapokiangalia kitu. Kwa hiyo bonde moja laweza kuwa "wilderness" kwa msafiri, likawa shamba kwa mwingine, na kwa wa tatu likawa nyumbani.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba aliyefundisha hivyo hakuridhika kukaa maktabani. Kwa miaka mingi alipiga makasia katika mito mikali ya magharibi ya Marekani, akatunga matamko na makala za siasa ya mazingira, akashika upande katika mabishano ya umma juu ya mabwawa, mafuta na hifadhi. Yaani alitumia nguvu zake kukilinda kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekwisha onyesha kuwa kimo katika fikra za watu. Mgongano huo ndio unaoyafanya maisha yake yastahili kuelezwa, na wachunguzi wa lugha wana sababu zaidi ya kuutazama, kwa kuwa wote umekaa ndani ya neno moja.

Nash alizaliwa New York mwaka 1939. Alipata shahada ya kwanza Harvard mwaka 1960, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, ambako alipata udaktari mwaka 1965 chini ya uongozi wa Merle Curti. Curti alikuwa bingwa wa historia ya fikra. Kitabu chake juu ya kukua kwa fikra za Wamarekani kilipewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1944. Mwanafunzi wa Curti hakuuliza tu watu walitenda nini. Aliuliza pia waliwaza nini walipokuwa wakitenda. Tasnifu ya Nash ndiyo iliyogeuzwa kuwa kitabu, na wakati kilipotoka yeye alikuwa amekwisha anza kufundisha Santa Barbara tangu mwaka 1966. Kitabu kilirudiwa mwaka 1973, 1982, 2001 na 2014.

Sura ya kwanza ni kazi ya mwanahistoria aliyeingia katika shamba la wanaisimu, na kwa jumla amelima vizuri. Katika lugha za kale za Ulaya ya kaskazini alikuta mizizi miwili. Mmoja wahusiana na kutaka: kitu kisichotawaliwa, kinachofuata utashi wake chenyewe. Wa pili ni "deor", ambalo katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya mnyama asiyefugwa. Mizizi hiyo ikiunganishwa, na kiambishi tamati kikiongezwa, hupatikana maana ya mahali pa wanyama wasio na bwana. Mwishoni mwa karne ya 14, John Wycliffe na wafuasi wake walipoifasiri Biblia kutoka Kilatini, walilitumia neno hilo kwa nchi kavu za Mashariki ya Karibu zisizokaliwa na watu. Hivyo neno lililozaliwa katika misitu yenye giza na unyevu likahamishiwa mchangani, likabeba pia habari za Waisraeli waliotangatanga, za manabii, na za majaribu ya Yesu. Ndiyo maana Mwingereza alipovuka bahari alikwenda na neno lenye vitisho viwili, cha mnyama na cha Ibilisi.

Nash aliongeza kwamba neno hilo halina mwenziwe sawasawa nje ya lugha za jamii ya Kijerumani, akataja Kifaransa, Kihispania na Kiitaliano, ambazo hulazimika kulizunguka kwa maneno mawili matatu, kila moja likishika upande mmoja wa maana. Mifano hiyo ina sura ya kamusi za lugha mbili, na hapo mtaalamu wa lugha ana haki ya kunung'unika kidogo. Kamusi ya lugha mbili huonyesha jinsi mtungaji wake alivyohangaika kutafuta kisawe. Haionyeshi sikuzote wenye lugha husema nini wanapoipita njia ile.

Laiti uchunguzi huo ungaliendelezwa hadi pwani ya Afrika ya Mashariki, ungalipata ushahidi mzuri zaidi kuliko ule wa Ulaya ya kusini. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walikutana na tatizo lile lile la watu wa Wycliffe wakaligawa mafungu: pengine wameandika nyika, pengine jangwa, pengine bara. Yohana Mbatizaji yuko nyikani. Neno bara lenyewe lina mengi ya kusema, maana kwa mtu wa visiwani au wa pwani bara ni upande wote ulio nyuma yake, uwe na watu maelfu au usiwe na mtu.

Nyika ndilo neno la kuangaliwa zaidi. Kwa mtu wa Mombasa wa zamani, nyika ilikuwa nchi iliyo nyuma ya mashamba, kavu, ya miiba na majani, isiyo na maji ya kutegemewa. Walakini nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wamisionari Krapf na Rebmann, waliokaa Rabai katika karne ya 19, waliwaandika majirani zao kwa jina lililotumika pwani, yaani Wanyika, na jina hilo likadumu katika vitabu vya Wazungu mpaka wenyewe walipolikataa na kushika jina la Mijikenda katika miaka ya 1940. Hawakulikataa kwa sababu ya kiburi. Walikuwa na kaya zao ndani ya misitu, na wazee, na makaburi, na mashamba. Kwao nyika ilikuwa mahali pengine, mbele zaidi. Jina liliwataja kwa macho ya mtu aliyesimama pwani akitazama magharibi. Yafaa ikumbukwe kwamba katika Kishona neno lenye umbo hilo hilo, nyika, lina maana ya nchi, nchi ya watu wenye utawala wao.

Neno mwitu nalo limepita njia ambayo Nash angaliifurahia. Ni la asili ya Kibantu na lina ndugu katika lugha nyingi, kama vile "mũtitũ" ya Kikikuyu. Maana yake ya kwanza ni msitu. Lakini katika Kiswahili cha siku hizi kazi yake kubwa ni ya kivumishi: mbwa mwitu, nguruwe mwitu, paka mwitu. Mnyama hupewa sifa hiyo kwa kulinganishwa na mwenziwe afugwaye. Hakuna asemaye "simba mwitu", kwa kuwa hakuna simba wa nyumbani wa kutofautishwa naye. Basi hapa ile nomino inayofanya kazi ya kivumishi si mfano wa maneno tu, bali imetokea wazi katika sarufi.

Habari hii ya neno kutoka kinywani mwa mtu aliye nje ndiyo uti wa mgongo wa kitabu cha Nash. Wahamiaji wa Kiingereza waliofika New England mwaka 1620 waliuona msitu kuwa adui. Uliwaficha wanyama wakali na watu wasiowajua, uliwanyima mahali pa kulima, na kwa imani yao ulikuwa makao ya Shetani. Mtu mwenye shoka hakuwa na nafasi ya kuusifu. Waliokuja kuusifu ni watu wa miji, wenye vitabu mikononi, ambao chakula chao hakikutegemea kuushinda msitu. Nash aliwafuata mmoja mmoja wala hakuwafichia udhaifu wao. Henry David Thoreau, ambaye wapenzi wa nyika humhesabu kuwa mwalimu wao, alipanda mlima Katahdin katika Maine mwaka 1846 akarudi ametishika. Alichokitaka hasa kilikuwa maisha ya katikati, mguu mmoja shambani na mmoja mwituni. Ama wenyeji wa asili hawakuwa na cha kuabudu wala cha kuchukia. Luther Standing Bear, chifu wa Walakota, aliandika mwaka 1933 kwamba nchi ile ilikuwa pori machoni mwa Mzungu tu. Kwa watu wake ilikuwa imefugika, kwa maana walikuwa nyumbani. Nash mwenyewe, mtoto wa New York aliyeipenda mito ya mbali, yumo ndani ya kanuni yake.

Sura inayosomwa zaidi ni ile ya bonde la Hetch Hetchy. Bonde hilo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yosemite, na mto Tuolumne hupita katikati yake. Mji wa San Francisco ulitaka kulijaza maji ili upate hifadhi ya maji ya kunywa, na tetemeko la mwaka 1906 pamoja na moto uliofuata vikaupa mji huo hoja yenye nguvu. John Muir na wenzake walipinga kwa miaka kadhaa, wakashindwa. Rais Wilson alitia sahihi sheria hiyo Desemba 1913, Muir akafa mwaka mmoja baadaye, na bwawa likamalizika mwaka 1923. Watu wengi wameisimulia habari hii kama msiba. Nash aliisoma kwa namna nyingine. Kwake jambo la kushangaza halikuwa kwamba bonde lilipotea, bali kwamba palikuwa na ugomvi wa taifa zima juu yake. Miaka 100 kabla ya hapo hakuna ambaye angaliuliza. Tena aliona kwamba hata waliotaka bwawa walianza hotuba zao kwa kukiri uzuri wa maumbile, ndipo wakaendelea na hoja zao za maji. Mtu anapolazimika kuomba radhi kabla ya kutenda, fikra zimekwisha badilika, ingawa tendo limebaki lile lile. Huo ni usomaji wa mwanahistoria wa kweli, na katika kazi zake zote hapana mahali palipompa sifa zaidi kwa haki.

Badiliko hilo la fikra lilifika katika sheria tarehe 3 Septemba 1964, Rais Johnson alipoitia sahihi Sheria ya Nyika. Sheria hiyo ilitenga mara moja ekari zipatazo milioni 9.1. Mwandishi wake mkuu, Howard Zahniser, alikuwa amekufa miezi minne kabla, baada ya kuandika rasimu zaidi ya 60. Wanaopenda maneno wataona kwamba Zahniser alichagua neno la nadra, "untrammeled", ambalo asili yake ni wavu wa kutegea samaki au ndege, au kamba ya kumfunga farasi miguu asitembee atakavyo. Si neno la usafi wala la ubikira. Ni la kutofungwa, na hivyo lakubaliana na ule mzizi wa kale wa utashi. Sheria yaendelea kueleza kuwa hapo mtu ni mgeni asiyekaa. Kwa Kiingereza maneno hayo hupita bila kelele. Kwa Kiswahili huleta swali papo hapo, kwa sababu mgeni haji peke yake katika lugha hii: akiwapo mgeni, yupo na mwenyeji. Mwenyeji wa nyika ya Marekani ni nani? Swali hilo Nash alilijibu, lakini baada ya miaka 25, na njia aliyopitia ilikuwa ndefu.

Tarehe 28 Januari 1969 kisima cha mafuta kilichokuwa kikichimbwa baharini, yapata maili 6 kutoka Santa Barbara, kilipasuka chini. Mafuta ya pipa 80,000 hadi 100,000 yaliingia baharini, fukwe zikawa nyeusi, na ndege wa baharini wakafa kwa maelfu. Chuo alichofundisha Nash kipo ufukweni pale pale. Yeye ndiye aliyetunga Tamko la Santa Barbara la Haki za Mazingira, lililosomwa kwenye mkutano wa kutimiza mwaka mmoja tangu maafa hayo, Januari 1970. Umbo la tamko hilo lilitokana na Tangazo la Uhuru la mwaka 1776: haki zimetajwa kwanza, makosa yakafuata. Hapo mwanahistoria alitumia ujuzi wake kwa werevu, maana msikilizaji wa Kimarekani aliisikia sauti aliyoizoea tangu shuleni, ila mshtakiwa safari hii hakuwa mfalme wa Uingereza. Mshtakiwa alikuwa yeye msikilizaji.

Mwaka huo huo wa 1970 Nash na wenzake walianzisha mpango wa masomo ya mazingira chuoni hapo, mmoja wa mipango ya kwanza ya namna hiyo nchini. Naye alianza kufundisha somo aliloliita historia ya mazingira, na mwaka 1972 akachapisha makala ya kueleza somo hilo katika jarida la Pacific Historical Review. Leo jina hilo lasikika la kawaida. Wakati ule lilikuwa jipya, na hoja yake ilikuwa kwamba ardhi yenyewe ni hati ya kihistoria, yenye mwandiko wa vizazi, ikimngoja ajuaye kuisoma. Katika miaka hiyo pia alikusanya maandiko ya watu wengi juu ya hifadhi ya maumbile kwa matumizi ya wanafunzi, na akahariri kitabu juu ya Grand Canyon, mwaka 1970, baada ya mpango wa kujenga mabwawa mawili huko kushindwa katika Bunge mwaka 1968.

Ndipo mtu anapofika kwenye mito. Mwaka 1978 Nash alitoa kitabu juu ya maporomoko kumi mashuhuri ya mito ya magharibi, The Big Drops, akishirikiana na Robert O. Collins. Jina hili la pili litawastua wasomaji wa historia ya Afrika, maana ni yule yule Collins aliyefundisha historia ya Afrika Santa Barbara na kuandika vitabu vingi juu ya Sudan ya kusini na maji ya Nile. Wanahistoria wawili wa idara moja, mmoja wa nyika ya Marekani na mmoja wa mto mkubwa wa Afrika, waliandika pamoja juu ya mahali ambapo chombo hupinduka. Miongoni mwa maporomoko hayo ni Lava Falls katika mto Colorado na Clavey Falls katika Tuolumne. Tuolumne ni mto ule ule uliozibwa Hetch Hetchy. Waendao kwa mashua za mpira hupita chini ya bwawa. Sehemu ya mto huo, maili 83, ililindwa kwa sheria mwaka 1984.

Ujuzi wa makasia ulimfundisha Nash jambo ambalo nyaraka peke yake zisingalimfundisha. Tangu safari ya John Wesley Powell mwaka 1869 hadi mwisho wa miaka ya 1940, watu waliopita Grand Canyon kwa mto hawakuzidi sana 100. Mwaka 1972 peke yake walipita watu 16,432. Wakuu wa hifadhi walisimamisha idadi isizidi hapo, na wenye kutaka kusafiri wakaanza kungoja zamu. Nash aliiweka orodha ya hesabu hizo katika kitabu chake, na maana yake ni chungu: wapenzi wa nyika walikuwa wameshinda, na ushindi wao ulianza kuila nyika. Kuna na jambo jingine alilolijua kila mpiga makasia wa mto ule. Tangu milango ya bwawa la Glen Canyon ifungwe mwaka 1963, maji ya Grand Canyon hupanda na kushuka kwa amri ya watu wa umeme. Msafiri aamini yumo katika mto wenye utashi wake, kumbe utashi umo mkononi mwa fundi aliye juu ya mto.

Katika toleo la mwaka 1982 Nash aliongeza sura juu ya nchi nyingine, na hapa ndipo Afrika ya Mashariki inapoingia katika kitabu kwa haki yake. Aliitazama nyika kama bidhaa. Nchi tajiri, zilizokwisha kuitumia yao, huwa wanunuzi. Nchi zenye nyika nyingi na fedha chache huwa wauzaji. Bidhaa yenyewe haipakiwi melini, bali mnunuzi ndiye asafiriye, au hubaki kwao akatoa michango, akasoma vitabu na kutazama filamu. Mifano yake mikubwa ilitoka huku. Hifadhi ya Serengeti ilikuwa imetangazwa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa ndani ya mipaka yake, na Ngorongoro ikatengwa kwa sheria nyingine iliyowaruhusu kukaa na mifugo yao. Mwaka huo huo kitabu na filamu ya Bernhard Grzimek juu ya Serengeti vikaenea Ulaya. Kisha Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, kwenye mkutano wa hifadhi ya maumbile mjini Arusha, ikatolewa taarifa ya Julius Nyerere. Taarifa hiyo iliahidi kuwatunza wanyama kama amana, na papo hapo ikasema wazi kwamba kazi hiyo yahitaji wataalamu na fedha, na kwamba mataifa mengine yatazamiwa kushirikiana. Ikisomwa kwa kanuni ya Nash, muuzaji alikuwa ameitaja bei yake, tena kwa adabu.

Kanuni hiyo yafafanua mengi. Lakini ina tundu, na tundu lenyewe ni lile neno. Katika soko la Nash yuko muuzaji, yaani serikali, na yuko mnunuzi, yaani mgeni. Mfugaji ambaye malisho yake ndiyo bidhaa hana kiti. Nash mwenyewe alisimulia jinsi alivyojaribu, kwa msaada wa mkalimani, kupata neno la "wilderness" kwa mtu mmoja wa Malaysia ambaye wazee wake walikuwa wawindaji wa msituni. Aliposhindwa aliuliza mtu husemaje kwamba amepotea msituni. Akajibiwa kuwa watu hawapotei msituni. Swali lilikuwa halina maana, kama vile kumwuliza mtu wa mjini anasemaje akipotea chumbani mwake. Kila mchunguzi wa lugha aliyewahi kukaa na daftari mbele ya mzee anaijua hali hiyo, na aghalabu huitupa karatasi. Ni sifa ya Nash kwamba aliihifadhi. Ila hakuifuata mpaka mwisho wake, maana mtu asiyepotea msituni ana dai juu ya msitu.

Wengine walilifuata. Mwaka 1989 mwanahistoria wa Kihindi Ramachandra Guha alichapisha makala yenye ukali, akisema kwamba fikra za nyika za Kimarekani, zikipandikizwa katika nchi za wakulima wengi wa tangu zamani, huwa njia ya kuhamisha mali kutoka kwa maskini kwenda kwa matajiri. Mfano wake ulikuwa hifadhi za simbamarara. Mwaka 1995 William Cronon, profesa wa historia katika chuo kile kile cha Wisconsin alikosoma Nash, aliandika kwamba kuiabudu nyika ya mbali humfanya mtu asijali mti ulio uani pake. Hoja hizo zilimpata Nash nusu tu. Ushahidi mwingi wa kwamba nyika ni zao la fikra yeye ndiye aliyekuwa ameukusanya, miaka 20 na zaidi kabla yao. Lililompata ni kwamba aliposhika kalamu ya mtetezi aliandika kana kwamba sura ya kwanza ya kitabu chake haipo.

Mwaka ule ule wa makala ya Guha, 1989, Nash alitoa The Rights of Nature, na humo ndimo lilimo jibu la swali la mwenyeji. Alipanga historia ya haki kama duara zinazopanuka: wakuu wa Uingereza mwaka 1215, wakoloni wa Marekani mwaka 1776, watumwa mwaka 1863, wanawake mwaka 1920, wenyeji wa asili mwaka 1924, kisha, kwa sheria ya mwaka 1973, aina za viumbe zilizo hatarini kutoweka. Watetezi wa maumbile aliwalinganisha na wapinzani wa utumwa. Basi mwenyeji ni mnyama, mti na mto wenyewe. Kiswahili chaweza kudhaniwa kuwa kilikuwa kimefika nusu ya njia hiyo zamani, kwa kuwa simba, ndovu na hata chura huchukua upatanisho wa ngeli ya watu, ilhali mti na mto hubaki katika ngeli yao. Lakini haifai kuchuma falsafa katika sarufi. Upatanisho huo haujamwokoa ndovu hata mmoja.

Katika miaka ya baadaye Nash aliandika juu ya wazo aliloliita ustaarabu wa visiwa, lililochapishwa kwa ukamilifu katika jarida la Environmental History mwaka 2010. Aliwaza dunia ya miaka 1000 ijayo ambayo watu wake, wapatao bilioni 1.5, wamejikusanya katika miji iliyozungukwa na nyika, badala ya nyika kubaki vipande ndani ya bahari ya mashamba na barabara. Ni ndoto ya mtu wa New York, na jinsi ya kuwapeleka watu huko ameieleza kwa uchache mno. Katika ndoto hiyo Mrabai hana kaya wala Mmaasai hana boma. Wote wamehamia kisiwani.

Imebaki kazi ya mfasiri. Iwapo kitabu cha mwaka 1967 kitatiwa katika Kiswahili, "jangwa" na "msitu" hayafai kwa sababu zilizokwisha tajwa, na "hifadhi" ni neno la mpaka uliochorwa. "Pori" lina nguvu, na sheria za Tanzania zimelizoea katika "pori la akiba" na "pori tengefu", lakini humo tayari lina maana ya eneo lenye msimamizi na kibali. "Nyika" ndiyo ifaayo, kwa kuwa imebeba tangu zamani yale mambo mawili yaliyomsumbua Nash, yaani nchi isiyolimwa na mtu anayeitazama kutoka nje. Mfasiri aandike tanbihi katika ukurasa wa kwanza juu ya jina la Wanyika na juu ya watu walilolikataa.